Maji Yalikuwepo Mwaka Ule

Ibra, Oman, baada ya sala ya Alasiri

Mwanangu Nasra,

Salamu zangu unazo hata kabla sijaziandika. Umetoka na mama yako kwenda kuwaaga shangazi zako, na nyumba imenyamaza kama nyumba ya watu waliohama. Sanduku lako liko ukumbini. Nimelipita, nimerudi, nimelipita tena, mwisho nimekuja kukaa majlis, chumba cha wageni, na kufunga mlango, ili mtu akija asinikute hivi nilivyo.

Mambo ya safari sitayaandika. Mama yako amekwisha kukwambia ya dawa, ya viatu, ya kupiga simu na ya kutokula kitu usichokijua, amekwambia mpaka umeanza kuitikia kabla hajamaliza. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo jengine, na sijui litatoka vipi.

Nakuandikia Kiswahili. Najua utasoma polepole, pengine kwa sauti, kama ulivyokuwa ukimsomea bibi yako. Kiarabu kingekuwa chepesi kwako na kwangu. Lakini Kiarabu ndicho nilichosomeshea taarikhi umri wangu wote, na nikishika kalamu kwa Kiarabu huwa mwalimu hapo hapo: naanza na utangulizi, naingia kwenye sababu, namalizia na matokeo. Kwa Kiswahili sijapata kumsomesha mtu. Kwa Kiswahili nimelia, nimecheka, na nimeitwa kula.

Tangu ulipotwambia kwamba unakwenda Sudani kuwauguza watu wa kipindupindu, kila ninayekutana naye msikitini ananiuliza, “Ustadh, binti yako kaipata wapi fikra hii?” Namjibu, “Wallahi sijui.” Nasema uwongo na huku najua. Imetoka kwenye ukuta wa chumba chetu cha kulia, na aliyeubandika karatasi ukuta ule ni mimi.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Mwalimu wenu aliandika miaka kwenye vikaratasi, akavitia kikapuni, kila mmoja akachukua chake. Mwaka ulioutoa ndio wako: ukatafute dunia nzima ilikuwa ikifanya nini mwaka huo. Ulirudi kutoka skuli uso umeuvuta mpaka chini.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Nani kakuudhi?”

“Nimepata mwaka mbaya. Elfu moja mia nane na ishirini na moja. Haina kitu. Rafiki yangu kapata ile watu walikwenda mwezini.”

“*Haina* kitu au *hauna* kitu?”

“Hauna kitu,” ukasema, na machozi yakakutoka.

Nilicheka, mwanangu, kwa furaha. Mwaka 1821! Mwaka wa 1236 wa Hijra! Ilikuwa kama umeniletea mgeni niliyekuwa nikimngoja. Nilitoka mbio kwenda kununua karatasi kubwa ya kahawia, nikaibandika ukutani kutoka mlango wa jikoni mpaka dirishani, na mama yako akauliza watu watakula wapi. Nikakuchorea ramani ya dunia katikati, tukaanza kuzijaza pembe zake vikaratasi vya maandishi.

Nilikuletea wafalme kwanza. Nilikwambia yule Mfaransa aliyeitikisa Ulaya nzima, aliyevuka nchi na majeshi yake mpaka watoto wa huko wakawa wanatishwa kwa jina lake, alikufa mwezi wa Mei wa mwaka huo kwenye kisiwa kidogo katikati ya bahari kuu, mfungwa wa Waingereza. Ukaandika. Kisha ukauliza, “Na waliokuwa wakimpikia huko kisiwani, alipokufa wao walikwenda wapi?”

Nikakwambia, “Hilo si muhimu. Andika Wayunani.”

Ukaandika kwamba Wayunani waliinuka kumpinga Sultani wa Istanbul. Ukaandika kwamba Peru na Meksiko zilijitoa mikononi mwa Wahispania. Nikakwambia na habari ya kijana mmoja wa London, mwana wa mhunzi, aliyeufanya waya uizunguke sumaku wenyewe kwa nguvu ya umeme, na kwamba feni iliyokuwa ikizunguka juu ya vichwa vyetu ni mjukuu wa waya ule. Hiyo ulipenda. Ukauliza kama baba yake mhunzi alikuwa hai aione. Nikakwambia nalo si muhimu.

Naikumbuka sauti yangu ikisema hivyo. Watoto wangapi nimewaambia neno hilo darasani, nikidhani nawaonyesha njia! Wewe ulikuwa ukiniuliza habari za watu, na mimi nilikuwa nikikujibu habari za nchi.

Kisha nikakwambia kwamba mwaka huo haukupita mbali na sisi. Ijumaa moja tukatia petroli, tukashika njia ya Bidiya, mchanga mkono wetu wa kulia njia nzima, mpaka Jaalan Bani Bu Ali, nyumbani kwao Saidi, mwalimu mwenzangu. Njiani nikakusimulia: Waingereza walikuja kutoka Bombay, wakashirikiana na mtawala wa Maskati wa wakati huo, wakawapiga vita watu wa Jaalan. Mara ya kwanza walishindwa vibaya. Wakarudi na jeshi kubwa zaidi mwaka wako huo, wakashukia pwani ya Sur, wakaingia bara, mji ukaanguka. Wanaume waliobaki wazima wakachukuliwa Bombay wafungwe.

Mama yake Saidi alitupokea kwa kahawa na halua. Nilikuwa nimekuja na maswali yangu nimeyapanga. Nikamwuliza nani alikuwa mbele, jeshi lilipitia wapi, ngome ilivunjwa upande gani. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

“Vita mumeviandika nyinyi walimu,” akasema. “Sisi wanawake tumepokezana habari ya mitende tu. Mitende ilikatwa. Wanaume walipopelekwa Bombay, wanawake wakatafuta machipukizi, wakapanda upya. Bibi yangu aliambiwa na bibi yake. Na mtende, mwanangu, haukupi tende mwaka wa kwanza wala wa pili. Walipanda hawajui watakula na nani.”

Wewe ndiye uliyemwuliza, na kikombe chako hujakigusa: “Na wanaume wakarudi?”

“Waliorudi walirudi.”

“Na wengine?”

Akakusogezea sahani ya halua. “Kula, binti yangu.”

Tulirudi wewe umeegemea dirisha mpaka mji wa Al Kamil. Nilidhani umelala. Kisha ukaniuliza, “Baba, wale wanawake walijua kama waume zao wako hai?”

“Sijui.”

“Hakuna mtu aliyekwenda kuwaambia?”

“Sijui, mwanangu.”

“Sasa kwenye karatasi tuandike nini?”

Tuliandika tarehe ya vita.

Ilibaki pembe moja ya chini, karibu na mlango wa jikoni. Nikatia mstari mmoja wa kuijazia nafasi: *Kipindupindu chafika Maskati kutoka Bara Hindi, wafa watu wengi.* Nilikuwa nimekwisha kufunika kalamu. Wewe ukauliza, “Wanakufaje?”

Nikakwambia twende kwenye kompyuta, maana mimi mwenyewe sikujua vizuri. Tukasoma pamoja. Bibi yako alikuwa kwenye kiti chake pale pembeni na tasbihi yake, anatusikiliza. Tukasoma kwamba mwili unamwaga maji yake yote, mtu aliye mzima asubuhi anaweza kuwa maiti usiku. Tukasoma kwamba madaktari wa Kizungu wa siku zile waliwatoa damu wagonjwa wakidhani wanawasaidia. Tukasoma kwamba Maskati maiti zilizidi wazikaji, na kwamba nyengine, wanasema waliopita huko, zilifungwa kwenye mikeka zikatiwa baharini. Nilitaka kuifunga kompyuta hapo. Ukanishika mkono. Ukateremka chini zaidi, ukakuta tiba yake ya siku hizi: wengi wao hupona kwa kunyweshwa tu. Maji safi, chumvi na sukari.

Ukainuka ukaingia jikoni. Nikasikia kijiko kinagonga bilauri. Ukarudi umeishika kwa mikono miwili, ukanywa mbele yangu, ukakunja uso.

“Hii tu, baba?”

“Hiyo tu, kwa wengi wao.”

“Maji ilikuwepo,” ukasema. “Chumvi ilikuwepo. Sukari kama haikuwepo, basi tende ilikuwepo, asali ilikuwepo. Kila kitu ilikuwepo!” Sauti ikapanda mpaka mama yako akaja mlangoni. “Watu walikuwa wamekaa karibu na maji, baba, na hakuna mtu aliyejua?”

“Hakuna aliyejua, Nasra.”

Siku ile sikukusahihisha. Sikukwambia kwamba maji *yalikuwepo*. Umri wako wote nimekuwa nikikuvuta sikio kwa lugha yako, na siku ile ngeli zote zilianguka na mimi nikaziacha pale zilipo.

Bibi yako akakunyooshea mkono. “Njoo hapa, mjukuu wangu. Hao wameshakwenda kwa Mola wao zamani. Washapumzika.”

“Lakini walikuwa na kiu, bibi.”

Bibi yako, aliyekuwa na neno la kila jambo, alikuweka tu kifuani pake.

Kesho yake nilipotoka msikitini alfajiri nikakuta umekwisha kuamka. Umembandua yule Mfaransa na kisiwa chake, umembandua na Sultani wa Istanbul, na ile pembe ya chini umeipandisha ikashika nusu ya karatasi. Umechora watu wamelala safu kwa safu, na kila mmoja umemwekea bilauri. Nikataka kukwambia kwamba taarikhi haiandikwi hivyo. Nikaona vile vibilauri, nikaenda kutia maji ya chai motoni. Skuli hawakukupa zawadi. Walimpa yule wa mwezini.

Karatasi ile ilikaa ukutani mpaka ikapauka. Wewe ukaendelea kukua chini yake. Ulipomaliza skuli nilitaka uwe mwalimu, ami yako Khamis akataka uingie benki, mama yako akataka uolewe Nizwa kwa wale jamaa zake wenye bustani. Ukasema uuguzi. Ami yako akasema uuguzi ni kazi ya kuosha watu. Ukamwambia, “Ndio, ami,” kwa adabu kabisa, ukaenda kujiandikisha.

Nasra, sasa nafika mahali ambapo hatujapata kupazungumza mimi na wewe. Ni mwaka wa korona, bibi yako alipolazwa.

Wewe ulikuwa muuguzi mpya pale hospitali. Sisi wengine hatukuruhusiwa hata ukumbini. Nilikwenda kila siku nikasimama kwenye maegesho ya magari, nikachagua dirisha moja la ghorofa ya juu nikaamua kwamba hilo ndilo lake. Baadaye uliniambia kwamba yeye alikuwa upande wa pili kabisa wa jengo. Basi nilikuwa nikisimama juani nikiliombea dua dirisha la mtu mwengine. Naye pia alikuwa na haja yake, inshallah imemfikia.

Siku ya mwisho ulinipigia simu. “Shikamoo baba,” ukasema, hata siku ile. “Bibi anauliza kama umekula.”

“Mwambie nimekula.”

“Anasema muongo.” Kisha ukateremsha sauti. “Baba, zungumza naye. Naiweka simu sikioni kwake. Zungumza sasa hivi.”

Nikaelewa. Mimi, niliyekuwa nikizungumza mbele ya wanafunzi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri bila ya kunywa maji, sikupata neno. Nilitaka kumwomba radhi. Nilitaka kumwambia namkumbuka alivyonishika mkono siku tunaondoka Unguja, mimi mtoto sijui tunakwenda wapi, na yeye pia hajui. Haikutoka. Nikaanza kumweleza ninachokiona. Nikamwambia, mama, hapa pana magari mengi. Pana paka wamelala chini ya magari kwa joto. Pana mzee wa Kihindi anafagia. Nikaendelea hivyo, gari baada ya gari, nyeupe, nyeupe, ya kijivu, kama mwendawazimu.

Nikamsikia, sauti yake imekuwa nyembamba kama uzi: “Rudi nyumbani, jua kali.”

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu.

Muda si mrefu ulitoka ukasimama nyuma ya mlango wa kioo, umevaa yale mavazi yenu ya kufunika mwili mzima, macho tu yanaonekana. Hukuweza kunikaribia wala mimi kukukaribia. Uliuinua mkono wako, ukaufumba, kama mtu aliyeshika mkono mwengine. Nikajua unaniambia kwamba uliushika wake mpaka mwisho.

Nimesomesha sentensi ile, *wafa watu wengi*, sijui mara ngapi. Niliisomesha kwa tauni, kwa njaa, kwa vita. Niliandika ubaoni, watoto wakanakili, kengele ikalia tukatoka. Siku ile pale maegeshoni mmoja wa hao watu wengi alikuwa mama yangu, na mwanangu ndiye pekee aliyekuwa naye. Nilidhani mtu aliyesoma habari za misiba yote hiyo atakuwa na kitu cha kujishikia siku msiba wake ukifika. Sikuwa na kitu. Nilikaa kwenye gari, mlango wazi, mpaka yule mzee mfagiaji akaja kuniletea maji.

Kwa hivyo ile Ijumaa uliyotwambia, ningetakiwa niwe mtu wa kwanza kuelewa. Tulikuwa tunakula. Ulingoja mpaka mama yako amalize kugawa wali, ukasema umekubaliwa na wale madaktari wanaokwenda Sudani, na hospitali imekupa ruhusa. Mama yako akaiweka sahani chini na hakuishika tena.

Nikakwambia, “Kuna vita kule.”

“Ndio, baba.”

“Wana wauguzi wao.”

“Wamechoka, baba. Wengine wamekufa.”

“Na ukiugua wewe?”

“Nitakunywa maji,” ukasema, na ukajaribu kucheka. Hapana aliyecheka nawe.

Nilijaribu kila mlango, unajua. Nilimwita ami yako Khamis aje akupe nasaha. Akaja, akala, akakohoa, akaanza na hadithi ndefu, na mwishowe nikamsikia anakwambia umwombee dua ukiwa huko kwa sababu dua ya mwenye kuhudumia wagonjwa hairudi. Nikamtazama. Akaniambia mlangoni wakati anavaa viatu, “Sheikh, mimi nilikuja kumzuia, wallahi. Macho yake yamenishinda.”

Kisha nikakungoja siku tuliyokwenda Nizwa kumwona daktari wangu wa macho, kwa kuwa ndani ya gari huwezi kuinuka ukaondoka. Wewe ulikuwa unaendesha. Nilizungumza kutoka Ibra mpaka tumepita Sinaw. Nikakwambia nimezeeka. Nikakutajia presha ya mama yako. Nikakwambia Oman nayo ina wagonjwa. Nikakwambia kwamba wanaokwenda mbali wakidhani wataiokoa dunia, taarikhi imejaa makaburi yao. Nikaitaja taarikhi! Na mwisho, nilipokwisha maneno yote ya maana, nikasema lile nililokuwa nalo tangu mwanzo: “Na ukifa huko, mimi nifanye nini?”

Ukapunguza mwendo. Nilidhani utanijibu kwa jambo kubwa, na nilikwisha kujitayarisha kulipinga. Ukasema, macho yako kwenye njia:

“Baba, naogopa. Usiku silali. Tafadhali usinifanye niogope zaidi.”

Tangu siku ile nimenyamaza, na pengine umedhani nimekasirika. Sijakasirika. Nilikuwa sijui kwamba unaogopa. Nilikuona umenyooka kama mshale nikadhani huna habari ya hatari, na kwamba kazi yangu ni kukupa habari hiyo. Kumbe unayo yote, umeibeba peke yako, na mimi nilikuwa nakuongezea mzigo juu yake.

Nimetafuta kitu cha kukupa. Baba akimuaga mwanawe humpa kitu. Nimepekua umri wangu wote kama mtu anayepekua mifuko ya kanzu, na ninayotoa ni machache, tena yamekunjamana.

Utawanywesha watu na wengine watapona. Wengine hawatapona, na si kwa sababu hukujua. Najua utakavyofanya: utarudi kitandani kwako, utamchukua yule mmoja aliyekufa utamweka mbele ya wote waliopona, utamwuliza ulikosea wapi. Ulikuwa hivyo na miaka kumi na miwili, ukiwalilia watu waliokufa kabla ya babu wa babu zako. Sitakwambia uache, hutaweza. Nakuomba tu usikae naye peke yako. Mpigie simu mtu. Nipigie mimi, saa yoyote. Sitakupa nasaha. Nitakueleza nini kiko mbele ya macho yangu, gari baada ya gari, mpaka ulale.

Na la pili. Ukitaka kurudi kabla ya muda wako, rudi. Ukifika siku ya kwanza ukaona huwezi, panda ndege urudi siku ya pili. Nimekwisha kuzungumza na mama yako na ami yako, na shangazi zako pia nitawaambia: hapana atakayekuuliza kitu katika nyumba hii. Hapana atakayesema “tulikwambia.” Utakuta chakula na kitanda chako. Watu huwapa watoto wao ushujaa wanapoondoka. Mimi nakupa ruhusa ya kukosa ushujaa, maana naona wengine wote wamekwisha kukusifu mno na naogopa sifa zao zitakufungia njia ya nyumbani.

La tatu nilikuwa nalo, nimelisahau. Au pengine halikuwepo, nimezoea tu kusema matatu.

Niseme na hili, kwa kuwa ukisoma utakuwa mbali na sitaona uso wako. Tangu Nizwa kuna fikra inanijia mara kwa mara, nami naichukia. Lau ningekuletea yule Mfaransa na wafalme wake tu. Lau ile pembe ya chini ningeiacha tupu, au ningechora ua. Pengine ungekuwa benki sasa hivi, Nasra, unarudi nyumbani Alasiri umechoka na foleni. Naifukuza fikra hii inarudi. Halafu namkumbuka bibi yako na mkono wake ulioshikwa. Bila ya ile pembe ya chini, nani angeushika? Mambo haya mawili nayaweka pamoja, na hayakubali kukaa pamoja, na mimi sina uwezo wa kuyapatanisha. Umri wangu wote nimewaambia watoto kwamba kila tukio lina sababu, na ukiijua sababu umeelewa. Sababu ya hili naijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Haijanisaidia hata kidogo.

Mama yako ni hodari kuliko mimi. Jana alikaa kitako akakata vitambaa vyako vya kichwa, akavipinda na kuvishona, vile vya pamba vinavyofulika upesi. Hakulia. Nilipomwuliza moyo wake ukoje akanijibu, “Nipishe mwanga.”

Nasikia adhana ya Magharibi inakaribia kwa namna ndege wanavyopiga kelele huko nje. Mutarudi sasa hivi, na nitaiweka barua hii chini kabisa ya sanduku lako, chini ya nguo, ili usiione mpaka utakapofika. Nimeona ni bora hivyo. Ukiisoma hapa utaniambia kitu, nami nitaanza tena.

Kesho mimi ndiye nitakayeendesha gari mpaka uwanja wa ndege Maskati. Ami yako ameomba aendeshe yeye, nimekataa. Nitakwenda polepole, na usinihimize. Pale mlangoni hapana mengi ya kusema. Watu wamejaa, mizigo inasukumwa, na baba anatakiwa aseme *fi amanillah*, amkabidhi mwanawe kwa Mungu amwachie aende. Leo nilipokwenda kutia petroli nilifunga vioo nikajaribu kulisema peke yangu, nione kama linatoka. Lilitoka nusu. Kijana wa petroli alikuwa anagonga kioo anataka kujua nijaziwe kiasi gani, na mimi namtazama siwezi kumjibu. Akangoja. Kisha akainama karibu na kioo, akaniuliza kwa upole, “Mzee, unakwenda mbali?”

Nikamwambia hapana. Mimi naenda na kurudi.

Baba yako